Shajara ya mradi: magazini ya bastola kwa mbao, mara tano ya ukubwa wake

Jumamosi, 11 Mei 2024. Swali la mwanafunzi

Nafundisha ufundi wa mitambo katika shule moja hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba. Kila mwaka nikifika kwenye springi, wanafunzi wanaikariri kanuni, wanaiandika kwenye mtihani, na mambo yanaishia hapo. Mwezi uliopita kijana mmoja wa mwaka wa tano aliniuliza: "Mwalimu, juu ya nini pistole inakwama?" Nikamjibu kwamba springi ya magazini imechoka. Ndilo jibu ambalo karibu kila mtu angelitoa. Nilipofika nyumbani nilianza kuchora ili nimwonyeshe kesho yake, na mchoro ukanikatalia. Kwa springi iliyochoka peke yake sikuweza kueleza kwa nini risasi moja hukwama pua ikiangalia chini, nyingine ikiangalia juu, na wakati mwingine zinakuja mbili kwa pamoja.

Ndiyo maana naunda kielelezo cha mbao, mara tano ya kitu chenyewe, chenye dirisha la pembeni ili darasa zima lione kinachotokea ndani. Hakina mtutu wa kweli wala sehemu yoyote ya kufyatua. Risasi zake ni vipande vya mti. Mkuu wa shule amekubali kwa sharti kwamba kipakwe rangi ya njano na buluu na kisitoke nje ya atelye. Sharti hilo nalikubali kwa moyo wote, katika nchi hii hasa.

Kwa atakayefuata kazi hii bila kujua bastola: magazini, ambayo hapa kwetu wengi huiita chargeur, ni kisanduku kinachoingia ndani ya mpini. Chini kuna springi. Juu ya springi kuna kibao ambacho risasi hukaa juu yake. Kingo mbili za juu za kisanduku zimekunjwa kwa ndani ili risasi zisirukie nje, nitaziita midomo. Bastola ikipiga, chuma cha juu (kitelezi) kinarudi nyuma na kutupa ganda, kisha springi yake nyingine inakirudisha mbele. Kikirudi kinaisukuma risasi ya juu kutoka kwenye midomo, inapanda mteremko mfupi na kuingia chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikipigwa. Magazini ina kazi moja: risasi inayofuata iwe imeshapanda, imekaa kwa pembe yake, kabla kitelezi hakijafika. Safari nzima ya kitelezi haifiki sehemu ya kumi ya sekunde.

Nimechagua risasi ya milimita 9 ya Georg Luger, ya mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa sababu ndiyo risasi ya bastola iliyoenea zaidi duniani na vipimo vyake ni wazi kwa wote. Ganda lina urefu wa mm 19.15, risasi nzima mm 29.69, kitako mm 9.93, mdomo wa ganda mm 9.65. Mara tano, ni kipande cha mti cha mm 148 kwa mm 50 hivi.

Jumamosi, 25 Mei. Kisanduku na risasi nane

Kisanduku ni mninga, mti ambao hapa Katanga tunauita mulombwa, kutoka mabaki ya fundi wa makochi wa Katuba. Mbao zilinigharimu dola 14, skurubu na gundi falanga 18,000. Kuranda na kuunganisha hakukuwa na shida.

Risasi ndizo zilizonipotezea Jumamosi moja. Nilizikereza zote nane zikiwa mviringo ulionyooka, mm 50 mwanzo hadi mwisho, nikiamini kwamba tofauti ya 9.93 na 9.65 ni ndogo mno kuonekana. Zilipangika vizuri sana, kama mikebe ya maziwa dukani. Nikafurahi, kisha nikashika karatasi ya vipimo na kupiga hesabu. Tofauti ya mm 0.28 mara tano ni mm 1.4. Kila risasi inayolala juu ya mwenzake inainamisha pua kwa karibu digrii moja, na zikiwa nane mwinamo unafika karibu digrii sita kati ya ya chini na ya juu. Kwa hiyo "mikebe" yangu ilikuwa inadanganya kuhusu jambo la kwanza kabisa ambalo magazini inapaswa kulitatua.

Nikazirudisha kwenye mashine ya kukereza, moja moja, nikazipa mteremko wake. Nilipozipanga tena, mnara ukaegemea mbele. Hapo nikawaita vijana wawili waliokuwa wakifagia, nikawauliza: chargeur ya Kalashnikov imepinda kwa nini? Hakuna mtu Kongo asiyeijua lile umbo, lakini wote wawili walidhani ni urembo au ni ili ishikike vizuri. Ganda la risasi yake limechongoka zaidi ya hili, na ukizipanga thelathini zinajipinda zenyewe. Kisanduku kinafuata tu. Kwenye bastola mchongoko ni mdogo, kisanduku kinaweza kubaki kimenyooka, lakini mwinamo haupotei. Unahamia kwenye kibao: kikiwa chini kabisa lazima kiiname kwa pembe moja, kikifika juu kwa pembe nyingine. Kikiwa huru mno kinalala. Kikibanwa mno hakifuati. Nafasi niliyoiacha pande zote za kibao ni mm 2, na sina hakika nayo.

Jumamosi, 8 Juni. Springi ya kwanza, nene na fupi

Nilinunua waya wa springi wa mm 3 kwenye duka la vyuma, dola 9, ukiwa umetoka upande wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Niliuzungusha kwenye gogo hadi kipenyo cha mm 45, mizunguko 20, urefu karibu sawa na kisanduku. Wazo langu lilikuwa la kawaida: springi yenye nguvu haikwami.

Kujaza risasi ya sita ilibidi mtu ashike kisanduku na mwingine akandamize kwa viganja viwili. Mizani ya kuning'iniza ilionyesha kilo 18 kikiwa kimejaa. Lakini risasi ya saba kutoka ilipanda kwa uvivu, na ya nane haikupanda kabisa. Ililala pale, nusu ya kipenyo chini ya midomo, na ukiigusa kwa kidole inazama.

Nadhani hili ndilo somo bora la springi nililowahi kuwa nalo mkononi. Springi fupi na nene hutoa nguvu nyingi ikibanwa na haitoi chochote ikikaribia urefu wake wa asili, na risasi ya mwisho inapandishwa hapo hapo mwishoni. Ufumbuzi ni kinyume cha nilichodhani: waya mwembamba na springi ndefu kupita kisanduku, ili hata magazini ikiwa tupu springi iwe bado imebanwa nusu.

Waya wa mm 2, dola 11. Kipenyo kile kile, mizunguko 25, urefu wa asili karibu mm 880 kwa kisanduku cha mm 520. Sasa nguvu ni kilo 3 juu na kilo 6 chini. Mtoto anaweza kuijaza. Risasi nane zina uzito wa kilo moja na robo hivi, kwa hiyo kilo 3 zinatosha kwa ya mwisho na kubaki. Springi za bastola za kweli zimeundwa hivyo hivyo: ukiitoa moja inaruka nje ya kisanduku, na anayeiona mara ya kwanza anafikiri haiwezi kurudi ndani.

Jumamosi, 22 Juni. Pua inaangalia chini

Risasi tatu za kwanza zinatoka vizuri, halafu ya nne au ya tano inainamisha pua na kugonga chini ya mteremko. Nilipunguza nafasi ya kibao kutoka mm 2 hadi 1, kikakwama. Nikarudisha. Nikaupaka mteremko mshumaa; pua ikagonga pale pale, laini zaidi. Siku mbili zilikwenda hivyo.

Kosa lilikuwa langu na lilikuwa dogo: springi niliiingiza nyuma mbele. Mzunguko wa juu wa springi hauko sambamba na ardhi. Unapanda upande mmoja, na upande unaopanda lazima ukae mbele, chini ya pua za risasi, ndio unaoziinua. Mimi niliuweka nyuma. Kibao kikawa kinasukumwa kisigino na vidole vinaning'inia. Niliitoa, nikaigeuza, nikairudisha, nusu dakika, na risasi nane zikatoka zote mfululizo mara nne. Kosa hili linafanyika hivi hivi kwenye magazini za kweli zikishafunguliwa kusafishwa, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Nimepaka rangi nyekundu upande wa mbele wa springi. Anayeiga kazi hii afanye hivyo kabla ya kuiingiza mara ya kwanza.

Pia nimekiongezea kibao miguu miwili mirefu, mm 90 mbele na mm 70 nyuma, inayoteleza kwenye kuta. Kibao bila miguu ni kama meza ya mguu mmoja.

Jambo jingine la siku hiyo: magazini ikibaki na risasi moja, ukiigonga meza, risasi inateleza mbele yenyewe, kwa kuwa hakuna nyingine chini yake ya kuisugua. Kwenye M1911, bastola ya John Browning ya mwaka 1911, kibao kina kitone kidogo kilichoinuka ambacho kinaishika risasi ya mwisho isikimbie mbele bastola inaporuka. Nimeunga kitone cha mti cha mm 4. Kinafanya kazi.

Jumamosi, 6 Julai. Kitelezi na mwendo

Hadi leo nilikuwa nasukuma risasi kwa mkono. Leo kitelezi kimewekwa: ubao mzito juu ya reli mbili, unaovutwa mbele na mipira iliyokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Mipira sikununua.

Kwa mkono, risasi nane kati ya nane. Kwa mpira, tatu. Kitelezi kilipita juu ya risasi zilizobaki, au kiliigonga moja tumboni badala ya kitakoni. Nilirekodi kwa simu ya mdogo wangu yenye video ya mwendo wa polepole, na tukaiangalia wote tumeinama juu ya kioo kile kidogo. Inaonekana waziwazi: kitelezi kinaondoka mwisho wa reli, risasi bado iko njiani, inainuka, inainuka, na kitako chake kinafika juu wakati kitelezi kimeshapita.

Hapa nataka kuwa mkweli kwa atakayeiga. Kielelezo kikubwa kinaonyesha maumbo kwa usahihi, lakini hakionyeshi muda. Urefu ukiuzidisha mara tano, ujazo unazidi mara 125; uzito na nguvu za springi havifuatani. Kwa hiyo nisiseme "bastola ingekwama hapa". Ninachoweza kusema ni kwamba magazini na kitelezi vinashindana mbio, na kwenye mbio kuna njia mbili: kumharakisha mmoja au kumchelewesha mwingine.

Nilianza na kuharakisha, springi ya kilo 9. Risasi zikapanda upesi, ila sasa zilibanwa midomoni kiasi kwamba kitelezi kilikosa nguvu ya kuzing'oa. Hilo lilinifungua macho: springi kali zaidi ina gharama yake, inalipwa na kitelezi. Nikaitoa. Badala yake nilirefusha reli kwa mm 40 nyuma ya risasi. Kitelezi kikirudi kina njia ndefu zaidi ya kupita kabla ya kukuta risasi, na zile mm 40 ndizo muda unaohitajika. Kwa springi ya kilo 3 hadi 6, risasi nane kati ya nane. Bastola za kweli nazo huachiwa nafasi hii ya ziada nyuma ya kitako.

Jumamosi, 27 Julai. Wiki tatu nikilaumu springi

Baada ya lile fanikio, kielelezo kilianza kuharibika. Wiki ya kwanza risasi mbili za mwisho zilitoka kwa kuruka, pua juu, na mara mbili zikaja mbili kwa pamoja na kufungana mbele ya chemba. Nikasema springi imelegea. Nikaizungusha nyingine, kisha ya tatu, kisha ya nne, nikamaliza waya na kununua mwingine, dola 11 tena. Kila springi mpya ilileta nafuu ya siku moja.

Jumatano alipita mzee mmoja, mkerezaji aliyestaafu kutoka karakana za Gécamines, kampuni ya madini, anayekuja mara kwa mara kuazima patasi. Hakugusa springi. Aliweka kidole gumba juu ya risasi ya juu, akaikandamiza taratibu, akaiachia. Akarudia. Kisha akaniambia: "Mwalimu, weka kidole. Upande wa kuume inashuka kabla ya upande wa kushoto."

Nikaweka. Ni kweli. Risasi ilikuwa inazunguka kidogo inapokandamizwa, kama mtu anayegeuka kitandani.

"Haiko resoru, Papa?" nikamuuliza. Resoru ndiyo springi kwa lugha yetu ya hapa.

"Resoru inasukuma tu. Ile inashika njo imechoka."

Tukapima. Midomo nimeikunja kutoka bati la mm 1.5 (dola 3), na pengo kati yake lilikuwa mm 42 siku nilipoifunga. Nyuma bado lilikuwa 42. Mbele, upande wa kulia, lilikuwa limefunguka hadi 44 na nusu. Nikakumbuka siku kielelezo kilipoanguka kutoka mezani kikiwa kimejaa, midomo chini. Nilikiokota, nikaangalia mbao, nikaona hazijapasuka, nikaendelea na kazi. Kumbe kilichoumia ni kile nilichokuwa sikitazami.

Midomo ndiyo inayoamua mambo matatu: risasi ikae juu kiasi gani, kwa pembe gani, na iachiwe wapi katika safari yake. Ikifunguka, risasi inakaa juu mno na kuachiwa mapema, ndipo zinakuja mbili. Ikibanana, risasi inakaa chini, kitelezi kinaishika kwa ukingo tu au kinaipita. Kwa miaka mingi watu wa M1911 wamekuwa wakibishana juu ya sehemu hii peke yake: magazini za mwanzo zina midomo inayofunguka polepole kuelekea mbele, na baadaye, kwa risasi za shabaha zenye pua fupi na butu, ikaja midomo iliyo sambamba inayoachia kwa mara moja. Springi ile ile, kisanduku kile kile. Walichobadilisha ni jinsi risasi inavyoachiwa.

Tulinyoosha midomo kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha chuma cha mviringo. Mzee akanichongea vipimo viwili vya mti: kimoja cha mm 41.5 ambacho lazima kipite, kingine cha mm 42.5 ambacho lazima kikatae. Nikarudisha springi ya kwanza kabisa ya mm 2, ile niliyoitupa kwenye sanduku la vyuma chakavu nikiihukumu kuwa imelegea. Mara kumi za kujaza, risasi themanini, hakuna iliyokwama.

Nasikitika kuhusu ule waya, na kuhusu jibu nililompa yule kijana mwezi wa nne. Springi ya magazini huchoka, ndiyo, lakini inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa ndani ya mipaka yake. Yangu ilikuwa imefanya kazi wiki chache tu.

Jumamosi, 10 Agosti. Vumbi

Tuko katikati ya kiangazi na vumbi jekundu limeingia kila mahali, hadi kwenye daftari hili. Nimeamua litumike. Nilichota kiganja kimoja nje ya lango, nikalichekecha, nikalimimina ndani ya kisanduku.

Kuta nilikuwa nimezipaka mshumaa. Vumbi lilishikana na nta, na risasi ya nne ikasimama katikati. Nikasafisha, nikajaribu mafuta ya injini, ambayo kila mtu aliyepita alinishauri. Ilikuwa mbaya zaidi: vumbi na mafuta vikawa tope la kusagia, na nilipotoa risasi zilikuwa na michirizi. Kuta kavu za mti mtupu zilifika risasi ya sita.

Mwaka 2003 nchini Irak, wanajeshi wa Marekani walilalamika sana kuhusu magazini za bastola yao ya M9 kukwama kwa mchanga. Zilizolaumiwa zilikuwa na rangi ya fosfeti iliyokwaruza, ambayo ilishika chembe, na baadaye zikatengenezwa nyingine zenye uso laini zaidi kwa ajili ya mchanga. Bastola haikubadilishwa kwa ajili ya hilo. Ilibadilishwa ngozi ya kisanduku.

Kwa hiyo nilinunua bidoni ya manjano ya mafuta ya kula, tupu, falanga 5,000, nikaikata, nikainyoosha kwa pasi ya vuguvugu juu ya gazeti, nikaipigilia kuta za ndani. Ile plastiki inateleza bila kitu chochote juu yake. Halafu nikachimba mifereji mitatu ya wima kila upande, upana wa kidole kidogo, ili vumbi liwe na pa kuanguka na risasi ziguse mistari tu badala ya ukuta mzima. Kiganja kile kile cha vumbi: nane kati ya nane, mara tano. Sakafu ya kisanduku nikaitoboa, na kila baada ya jaribio vumbi lilimiminika chini kama unga.

Jumamosi, 24 Agosti. Safu mbili

Kisanduku cha pili, mbao dola 10. Ndani kina upana wa mm 86, risasi zinapishana kushoto na kulia na kila moja inaongeza urefu wa mm 35 badala ya 50. Risasi kumi na mbili zinaingia karibu mahali pa nane. Huu ndio ubunifu wa Mbelgiji Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN huko Herstal: magazini ya risasi 13 ndani ya mpini wa bastola, safu mbili chini, mdomo wa risasi moja juu. Browning alianza kazi ya bastola hiyo na alifariki mwaka 1926 kabla haijakamilika. Saive aliimaliza, na ikatoka mwaka 1935. Jina lake ni Grande Puissance, na hapa Kongo watu huiita GP tu.

Faida ile ina bei yake, na sikuiona hadi nilipochora nguvu. Kwenye safu moja risasi inasukuma ya juu yake moja kwa moja. Kwenye safu mbili inaisukuma mshazari, kwa hiyo kila risasi inakandamizwa ukutani. Kwa upana wangu wa mm 86, ukiacha msuguano, ukuta unapokea karibu mara mbili ya nguvu inayopandisha. Bila plastiki ya bidoni mnara haukusogea hata kidogo. Kwa plastiki ulipanda, hadi shingoni.

Shingo ndiyo iliyonisumbua. Kutoka mm 86 hadi 52 nilitumia urefu wa mm 60. Risasi mbili zilifika pamoja, moja kila upande, zikaegemeana bega kwa bega na kufanya daraja. Wote tumeona mahindi yakifanya hivyo kwenye mdomo wa mashine ya kusaga, mpaka mwenye mashine aje na fimbo. Nilirefusha shingo hadi mm 120, nikakipa kibao ngazi upande mmoja ili risasi ya chini ianze kulia daima na kupishana kusivurugike. Daraja halikurudi.

Bunduki ndogo ya Kiingereza, Sten, iliteseka na shingo ya aina hii katika Vita vya Pili vya Dunia. Magazini yake ilikuwa ya risasi 32, na wengi waliizoea kuijaza 28 tu ili isikwame. Nilikuwa naichukulia kama desturi ya askari. Sasa naielewa.

Jumamosi, 7 Septemba. Risasi ya kwanza

Majaribio ya safu mbili: mara kumi za kujaza, risasi 120, zilikwama tano. Nne kati ya hizo zilikuwa risasi ya kwanza, magazini ikiwa imejaa. Midomo ilipita vipimo vyote viwili. Springi rangi nyekundu mbele.

Nilikandamiza risasi ya juu kwa kidole kama nilivyoonyeshwa. Haikushuka hata nusu milimita. Kumbe springi ilikuwa imefunga kabisa, mzunguko juu ya mzunguko, na risasi ya juu ilikuwa kama imepigiliwa msumari kati ya sakafu na midomo. Magazini iliyojaa lazima ibaki na pumzi kidogo, ili kitelezi kikiwa juu yake risasi iweze kushuka na kukipa nafasi. Nimeshusha sakafu kwa mm 12. Mara kumi nyingine, risasi 120: imekwama moja, ya tisa, na sijapata sababu yake.

Gharama hadi leo: dola 58, na falanga 46,000 ukihesabu mishumaa ya 1,000 na rangi ya 22,000. Ukiacha waya nilioupoteza kwa kulaumu springi, ni dola 47.

Vipimo vya mzee vinaning'inia kwa kamba kwenye msumari pembeni ya kielelezo. Jumatatu mwaka wa tano wanaanza nacho. Yule kijana sasa yuko mwaka wa sita. Nimemwomba aje saa ya mapumziko, nimwachie ile risasi ya tisa aitafute yeye.